Mliomwona Filippo Inzaghi akicheza: alikuwa anajua mpira, au alikuwa anajua kuotea tu?

#1 MzeeWaKumiNaNane
Wakuu salaam.

Juzi nimekaa na kijana wangu, yuko kidato cha tatu, tukaangalia marudio ya fainali ya UEFA ya 2007, Milan na Liverpool pale Athens. Nia yangu ilikuwa aone mpira wa watu wazima: Pirlo, Seedorf, Kaká, Maldini na umri wake ule. Imefika kama nusu saa hivi dogo kanigeukia: "Baba, huyu namba 9 kazi yake nini hasa?"

Nikamwambia tulia. Dakika ya 45 Pirlo kapiga mpira wa adhabu, ukamgonga Inzaghi, ukabadilisha njia, wavuni. Dogo kacheka, "Umemgonga tu huyo." Dakika ya 82 Kaká kampenyezea, kamzunguka kipa Reina, kasukuma taratibu, 2–0. Kuyt akarudisha moja dakika za mwisho na kombe likaenda Milan.

Dogo hakuridhika. Anasema jamaa hapigi chenga, hana mwili, hana shuti la mbali, nusu ya mechi anabishana na waamuzi, halafu mpira umemgonga anashangilia kama ameokoka. Mimi nimempenda Pippo (ndivyo Inzaghi alivyoitwa) tangu yuko Juventus, Juve, lakini nilipotaka kueleza nikakwama. Nikaishia kusema "alikuwa na akili ya goli", jibu ambalo likisemwa na mwingine kijiweni nalidharau.

Mliomwona, mnamwelezaje kwa mtu ambaye hakumwona?

#2 Kibendera_Juu
Bahati. Uzi ufungwe.

#3 BintiMakorora
@Kibendera_Juu bahati ya miaka ishirini? Yangu mimi haijawahi kuvuka wiki.

#4 JuveWaTemeke
#2 tuheshimiane. Tumeishi naye Turin kuanzia 1997 hadi 2001, mabao 89 kwenye mashindano yote. Machi 1998 robo fainali tumetoka sare nyumbani, tukaenda Kyiv kwa Dynamo ile ya Shevchenko na Rebrov, tukawachapa 4–1, matatu ya Pippo. Septemba 2000 Hamburg mechi ya 4–4, matatu ya Pippo tena. Nusu fainali ya 1999 na Manchester United kwetu Delle Alpi, dakika ya 11 tayari ameshapachika mawili. Hiyo bahati mbona haikuwafuata wengine?

#5 SheteniMwekundu_Mburahati
Malizia hiyo hadithi ya 1999. Iliishaje?

#6 JuveWaTemeke
Nina mgeni mlangoni.

#7 SheteniMwekundu_Mburahati
Keane, Yorke, Cole. 3–2. Mkaribishe mgeni wako chai.

Na Ferguson, kocha wetu enzi hizo, ndiye aliyesema yule jamaa alizaliwa akiwa ameotea. Mzee alimaliza kila kitu hapo.

#8 Takwimu_Tupu
Maneno hayo Ferguson anapachikwa kila mahali, sawa. Cruyff naye anapachikwa yake: kwamba Inzaghi hajui kabisa kucheza mpira, ila kila wakati yuko mahali panapotakiwa. Watu wanalirusha kama tusi. Lisomeni taratibu. Kwa mtu kama Cruyff, aliyehubiri maisha yake yote kwamba mpira ni kuwa mahali sahihi kwa wakati sahihi, hiyo nusu ya pili ni sifa ambayo hakuwapa wengi.

#9 Likoni_Feri
Hamjambo wa bara. Huku kwetu swali hili halina ugumu. Asiyejua mpira hawezi kucheza fainali tatu za UEFA na Milan, 2003, 2005 na 2007, halafu akawa na medali ya Kombe la Dunia 2006. Ati bahati!

#10 Takwimu_Tupu
Ndugu yangu wa Likoni, sahihisho. 2005 Istanbul hakuwepo hata benchi. Walianza Shevchenko na Crespo, Tomasson akawa akiba. Pippo kipindi kile majeraha yalikuwa yamemkalia kooni, misimu karibu miwili.

2003 Old Trafford alianza na akacheza zote 120, 0–0 na Juve, penalti 3–2. Na hakupiga penalti. Upande wa Milan walikwenda Serginho, Seedorf, Kaladze, Nesta na Shevchenko. Kabla ya hapo Shevchenko alifunga goli likakataliwa kwa kuotea, na aliyeotea alikuwa Rui Costa, alimziba kipa Buffon. Usiku mzima wa fainali kibendera kinapanda, kinafuta goli, na mwenye kosa si Inzaghi. Hayo hayajirudii.

#11 Likoni_Feri
Shukran, nimepokea. Basi Istanbul tulipigwa kwa sababu hakuwepo.

#12 SheteniMwekundu_Mburahati
Mlienda mapumziko mnaongoza 3–0. Inzaghi angewasaidia nini, angekaba?

#13 MshikaKibenderaMstaafu
Wakuu, nimeshika kibendera miaka tisa, ligi ya mkoa na ndondo zisizo na idadi. Naomba niseme kwa upande wa pembeni, maana huko hakuna anayewahi kutuuliza.

Nyinyi mnaona kuotea kama picha iliyosimama. Ukiwa kwenye chaki hakuna picha. Unatakiwa umwone mpiga pasi anapogusa mpira, na papo hapo uuone mstari wa beki wa mwisho, na hao wawili wako pande tofauti za uwanja. Macho hayawezi. Tulichofundishwa ni kutazama mstari na kusikiliza. Sikio likisikia mguu umegonga mpira, jicho linapiga picha. Uwanja ukiwa na vuvuzela na ngoma, sikio limekufa, unabaki na dua.

Sasa piga hesabu. Mshambuliaji anakimbia kwenda golini mita 7 kwa sekunde. Beki anapanda kuweka mtego, tuseme mita 3 kwa sekunde. Wanapishana mita 10 kila sekunde. Ukichelewa kuitambua pasi kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, umekosea mita nzima. Na tangu 1990 sheria inasema mkiwa sambamba hujaotea. Kwa hiyo kuna mita moja pale ambayo mwenyewe ni Mungu. Inzaghi alijenga nyumba kwenye hiyo mita.

Kwetu alikuwepo mmoja wa namna hiyo. Mchana fundi cherehani, jioni namba tisa. Hakuwa anakimbia moja kwa moja. Alitembea kwa ubavu kama kaa, sambamba na mabeki, mkono mmoja kauinua anaomba mpira, halafu pasi inapotoka anakata kwa upinde. Mechi moja nimempandishia kibendera mara saba. Saba! Kila nikipandisha ananitazama bila kusema neno. Ya nane mkono ukawa mzito. Nikajiuliza, hivi huyu baba wa watu sijamuonea? Katika kujiuliza huko akafunga. Mashabiki wa upande wa pili walinikimbiza hadi kwenye mashine ya kusaga, nikajifungia humo na magunia ya unga mpaka adhana ya magharibi.

Kesho yake nilikuwa na suruali kwake, sina budi kwenda. Akanipa suruali, akaniambia: "Ile ya nane nilikuwa nimeotea. Zile saba, tatu ulinionea."

Toka siku hiyo mtu akiniambia Inzaghi alikuwa hajui kama ameotea namwacha apite.

#14 BintiMakorora
Na suruali ilikuwa sawa?

#15 MshikaKibenderaMstaafu
Mguu mmoja mrefu.

#16 Kibendera_Juu
Kwa hiyo mnakubali. Alikuwa anacheza na udhaifu wa waamuzi, si na mabeki. Ukimrusha kwenye VAR, waamuzi wa marudio ya video, anakufa njaa. Italia wameileta msimu wa 2017–18, siku hizi mpaka kidole cha mguu kinapimwa kwa kompyuta. Mfano mnautaka? Novemba 2010, Milan na Real Madrid ya Mourinho, San Siro. Kaingia nafasi ya Ronaldinho, kafunga mawili, umri miaka 37, kampita Gerd Müller kwa mabao ya mashindano ya Ulaya, akafikisha 70. Dunia ikalia machozi. Lile la pili tazama tena: ameotea, hata bibi yangu bila miwani anaona. Pasi ya Gattuso, mtu yuko mbele peke yake.

#17 JuveWaTemeke
Na lile la kwanza? Kipa Casillas kaparaza krosi ya Ibrahimović, nani alikuwa pale kuumalizia kwa kichwa? Kompyuta?

#18 Takwimu_Tupu
Hoja ya VAR ina ncha mbili, @Kibendera_Juu. Unahesabu aliyopewa kimakosa, huhesabu aliyonyang'anywa. Mshambuliaji anayecheza kwenye mita ya Mungu (asante #13) anaonewa mara nyingi kuliko anavyopendelewa, kwa sababu mshika kibendera akimjua sifa yake anapandisha kwanza, anafikiri baadaye. Fundi cherehani kasema mwenyewe, tatu kati ya saba.

Halafu Kombe la Dunia 2002, Italia na Croatia. Materazzi kapiga mpira mrefu dakika za mwisho, umedunda mpaka wavuni bila mtu kuugusa. Goli likafutwa, ati Inzaghi kamvuta beki jezi. Croatia wakashinda 2–1. Hebu irudie hiyo na VAR.

#19 Kibendera_Juu
Kwa hiyo hata goli ambalo hakuligusa kalisababishia kufutwa. Umenisaidia.

#20 Takwimu_Tupu
😂 Nimejikamatisha.

#21 MbebaBoksi_Bergamo
Habari za nyumbani. Mimi niko Bergamo mwaka wa kumi na kitu, na hapa jina la Inzaghi usilicheze. Msimu wa 1996–97 akiwa Atalanta chini ya kocha Mondonico alifunga 24 kwenye Serie A (ligi kuu ya Italia) na kuwa mfungaji bora. Atalanta ile haikuwa hii mnayoiona UEFA. Ilikuwa timu ya kupambana isishuke. Kazini kuna mzee tunapanga naye mizigo, Mwatalanta wa damu. Alipofunga Retegui 25 msimu wa 2024–25 na kuchukua kiatu cha mfungaji bora, sote tukamwambia haya, mfalme kapata mwenzake. Mzee akatikisa kichwa: Retegui ana timu, Pippo alikuwa na njaa.

Na kuna kitu cha kuchekesha. Alichukua njia ileile ya Vieri. Vieri alitoka Atalanta kwenda Juve 1996, Pippo akaingia Atalanta. 1997 Vieri kaenda Atlético Madrid, Pippo kaingia Juve. Kama mtu anayekuachia chumba na godoro.

#22 FundiWaPasi
Mnazunguka mbuyu. Jibu liko wazi: wapishi. Juve alikuwa na Zidane na Del Piero. Milan Rui Costa, Pirlo, Seedorf, Kaká. Mpe hata shemeji yangu pasi za Pirlo atafunga kumi kwa msimu. Inzaghi alikuwa sahani, chakula wamepika wengine.

#23 MbebaBoksi_Bergamo
@FundiWaPasi nimeandika juu hapo Atalanta, mabao 24, Zidane hakuwepo. Ila nikuongezee. Kabla ya Bergamo alikuwa Parma, 1995–96. Unajua Parma ile ilikuwa na nani? Zola na Stoichkov. Wapishi wa hoteli ya nyota tano. Ligi nzima kafunga mawili.

#24 FundiWaPasi
Alikuwa anakaa benchi.

#25 MbebaBoksi_Bergamo
Kweli hakuwa anacheza sana. Lakini basi nadharia ya sahani imepasuka. Mwaka mmoja wapishi bora na njaa, mwaka unaofuata mama ntilie na shibe.

#26 BintiMakorora
Mama ntilie ametajwa vizuri hapo, asante. Wengine ndio maisha yetu.

#27 BekiKisiki_Mbagala
Mimi sikucheza mbali, ndondo na timu ya kiwandani, beki wa kati miaka kumi na moja. Niseme kitu ambacho kwenye TV hakionekani.

Straika mwenye chenga namtaka. Straika mwenye misuli namtaka, tutapigana vikumbo mpaka jioni. Ninayemwogopa ni yule anayesimama nyuma ya bega langu. Simuoni. Nikigeuka kumtafuta, mpira sioni. Nikitazama mpira, yeye sijui yuko wapi. Basi nakuwa natumia mkono, nampapasa kama kipofu kujua bado yupo. Na yeye anajua. Ananiachia nimguse, nimguse, halafu wakati nimetulia mkono unapapasa hewa. Hapo ujue ameshaondoka, na krosi iko angani.

Mtazameni Inzaghi krosi ikija. Hakuwahi kusimama mbele ya beki. Kila siku nyuma ya bega, na kila siku bega la beki anayetazama mpira. Hilo bahati haiwezi kukupa kila Jumapili. Beki mzuri huwezi kumkimbia, ila unaweza kumfanya akusahau. Yule aliwafanya akina Carragher wamsahau, mimi ni nani.

Dhambi yake nyingine ni mdomo. Alikuwa analalamika muda wote. Kelele zile zinachosha. Ukifika dakika ya themanini unatamani tu afunge anyamaze.

#28 SheteniMwekundu_Mburahati
#27 hapo mwisho umeniua 😂

#29 Likoni_Feri
Yakhe, mmoja asilete hadithi ya ubinafsi? Nitaleta mimi. Kombe la Dunia 2006, Hamburg, Italia na Czech. Materazzi keshafunga moja. Dakika ya 87 Inzaghi kaachwa peke yake kuanzia katikati ya uwanja, wanakimbia yeye na Barone, wawili kwa kipa mmoja, Čech. Barone yuko pembeni yake, anaomba, mikono imefunguka, goli liko tupu. Pippo hata hakumtazama. Kamzunguka Čech, kafunga, kaenda zake kushangilia. Barone maskini kafika nyuma kumkumbatia. Hilo ndilo goli lake la pekee Kombe lile, na ndiyo mechi pekee aliyocheza kule Ujerumani.

Angekosa lile, mpaka leo Barone angekuwa anahojiwa.

#30 JuveWaTemeke
Hilo nalijua kwa uchungu. Msimu wa 1999–2000 tumeenda Venezia tukashinda 4–0. Del Piero alikuwa katoka kwenye jeraha la goti, anatafuta goli la kawaida kwa udi na uvumba, anapata penalti tu. Siku ile kila mtu uwanjani anataka Ale afunge. Pippo kapachika matatu, na kuna nafasi ambayo pasi ya pembeni kwa Ale ilikuwa ni sadaka. Hakutoa. Baada ya hapo wawili wale hawakuwa marafiki kama zamani, ilionekana hata kwa sisi tuliokuwa tunasoma magazeti ya wiki iliyopita. Kiangazi cha 2001 akauzwa Milan.

Sikumsamehe mpaka 2003. Halafu 2003 akanichukulia na kombe.

#31 MzeeWaKumiNaNane
Ndugu zangu nimerudi, nimesoma yote na dogo kasoma pia (nimemfichia baadhi).

Baada ya post ya #27 tulifanya jaribio jana usiku. Nikamwambia tuangalie Athens tena, ila marufuku kutazama mpira. Mtazame yeye tu. Tatizo la kwanza: kamera. Nusu ya muda hayumo kwenye picha kabisa, kamera inafuata mpira na yeye anafanya kazi yake mahali ambapo mpira haupo. Nadhani ndiyo maana sisi wa kibanda umiza tulimwona mvivu.

Lakini dakika ya 82 yumo. Dogo karudisha nyuma mara tano, nikamhesabia. Kabla Kaká hajainua kichwa, Pippo anatembea. Si kukimbia, kutembea, anakwenda kwa ubavu kati ya mabeki wawili kama mtu anayetafuta kiti kwenye daladala. Kaká anainua kichwa, Pippo anapiga hatua mbili KURUDI NYUMA, upande wa kwetu. Halafu ndiyo anakata. Dogo kanyamaza kidogo, akasema: "Baba, kumbe alirudi ili apate pa kuanzia mbio."

Sikumfundisha mimi hilo. Nilikuwa sijaliona tangu 2007.

#32 MshikaKibenderaMstaafu
Huyo dogo mtunzeni. Hizo hatua mbili ndizo zinazotuua sisi pembeni. Akirudi nyuma jicho lako linasema "huyu yuko salama" na unahamia kwingine.

#33 Kibendera_Juu
Vizuri, na lile la kwanza la siku hiyohiyo? Mkono ule. Pirlo kapiga, mkono wa Inzaghi umegeuza. Hatua mbili za nyuma ziko wapi hapo?

#34 Likoni_Feri
Bega.

#35 Kibendera_Juu
Mkono.

#36 JuveWaTemeke
Mimi naichukia Milan na nasema kifua. Karibu na kwapa.

#37 Takwimu_Tupu
Mkilumbana kuhusu mkono mtusaidie na hili: msimu ule wa 2006–07 kwenye ligi alifunga mabao MAWILI. Mechi ishirini, mawili. Fainali ya UEFA mechi moja, mawili. Desemba mwaka huohuo Yokohama, fainali ya dunia ya vilabu na Boca Juniors, 4–2, mawili tena. Naomba nadharia yenu moja iniambie kwa nini mtu huyohuyo Jumapili na Empoli hafungi.

#38 FundiWaPasi
Timu ndogo zinajaa nyuma, hakuna nafasi mgongoni kwa beki. Timu kubwa zinapanda. Hiyo mita ya Mungu ya #13 haipo kama mabeki wamelala ndani ya sita. Nimejibu?

#39 Takwimu_Tupu
Ni jibu zuri. Ila pale Atalanta mabao 24 yote hakuwafunga wakubwa.

#40 BekiKisiki_Mbagala
Goti. 1996 alikuwa na goti, 2006 hana. Mwenye goti moja anachagua siku za kuvaa viatu vizuri.

#41 SheteniMwekundu_Mburahati
Mimi naleta kesi ya wizi wa goli, maana hamjaitaja. Robo fainali 2003, Milan na Ajax, 2–2, dakika zimekwisha, Ajax wanapita kwa magoli ya ugenini. Mpira mrefu, Inzaghi kamvusha kipa kwa juu, unadondoka golini wenyewe, Tomasson anakuja mbio anaugusa mstarini. 3–2. Goli la nani?

#42 Takwimu_Tupu
UEFA wameandika Tomasson. Kisheria ndivyo, aligusa wa mwisho.

#43 Likoni_Feri
Na safari hii aliyenyang'anywa ni yeye. Barone alilipiwa kabla hajaonewa.

#44 BintiMakorora
Mnaongea goti, bega, mkono. Alikuwa anakula nini huyu mpaka akacheza na miaka 38?

#45 MbebaBoksi_Bergamo
Hilo ni maarufu huku: tambi nyeupe bila mchuzi na bresaola, miaka nenda rudi. Bresaola ni nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, inatiwa chumvi inakaushwa miezi, halafu inakatwa nyembamba kama karatasi. Nimeila. Kwa mtu aliyekulia pilau ni adhabu.

#46 BintiMakorora
Kumbe ni ng'onda ya ng'ombe. Tanga angecheza mpaka hamsini.

#47 JuveWaTemeke
Tuwe wakweli lakini, wanaosema hana ufundi watazame mechi yake ya mwisho. 13 Mei 2012, San Siro na Novara, siku ambayo Nesta na Gattuso nao wanaaga. 1–1, kaingia akitokea benchi. Seedorf kamnyanyulia mpira juu ya mabeki, kautuliza kwa kifua, kabla haujatulia chini kaupiga. 2–1. Namba tisa yeyote duniani angejivunia goli lile. Kalifunga siku ya mwisho, kama mtu aliyekuwa anaficha Kiswahili chake sanifu miaka yote.

#48 Kibendera_Juu
Hakuotea?

#49 JuveWaTemeke
Hakuotea.

#50 Kibendera_Juu
Basi si yeye.

#51 FundiWaPasi
Kama akili ndiyo ilikuwa siri, mbona ukocha umemchanganya? Milan 2014–15 kamaliza wa kumi. Bologna akatimuliwa. Mdogo wake Simone, ambaye kama mchezaji hamfikii, kama kocha kachukua Scudetto (ubingwa wa Italia) na Inter 2024 na kufika fainali mbili za UEFA.

#52 MbebaBoksi_Bergamo
Usisome ukurasa mmoja. Venezia kawapandisha kutoka Serie C (daraja la tatu), Benevento kawapandisha Serie A wakiwa na mechi saba mkononi, Pisa kawapandisha Serie A 2025. Ni fundi wa kupandisha, wakishafika juu ndipo shida inaanza. Na Simone usimdharau, Machi 2000 aliwafunga Marseille manne peke yake akiwa na Lazio.

#53 SheteniMwekundu_Mburahati
Yaani hata kwenye ukocha anasubiri mstarini. Akivuka tu, kibendera.

#54 MzeeWaKumiNaNane
Mrejesho wa mwisho. Jumamosi dogo alikuwa na mechi ya shule, akaamua kuwa Inzaghi. Kibendera mara sita. Mwalimu wa michezo kamtoa kabla ya saa moja ya mchezo kutimia, akamwambia rudi winga yako. Sasa amenuna, hataki chakula, ananiuliza yule fundi cherehani wa post #13 bado yupo ili akamwone. @MshikaKibenderaMstaafu?

#55 MshikaKibenderaMstaafu
Yupo, mzee sasa, magoti yamegoma lakini cherehani inaimba. Nitakuelekeza inbox. Mpeleke dogo na kitambaa, maana bila kazi hasemi na mtu. Na akishamaliza kumpima, mpimeni tena wenyewe.